Udhia wa Maduka Mengi ya Michezo ya Kompyuta: Maswali na Majibu

Vijana wa mji wa Likasi, Kongo, hasa wale waliopata ajira katika makampuni ya madini na ambao benki zimewapa kadi za kulipia ng'ambo, wameanza kununua kwa fedha yao wenyewe michezo ambayo kaka zao waliipata kwa kuinakili kutoka diski moja hadi nyingine. Kununua kwa halali ni jambo jema; walakini wengi wao hutambua, baada ya kulipa, kwamba kabla ya mchezo mmoja kufunguka hawana budi kuziridhisha kampuni mbili au tatu. Maswali yao, na la mzazi mmoja, tumeyakusanya hapa, na fundi wa kompyuta aliyeshika kazi hiyo kwa miaka mingi anayajibu.

SWALI: Fundi, kaka zangu wanasema zamani duka la Steam lilitosha kwa kila kitu. Imekuwaje leo nikitaka michezo mitano nifungue akaunti tano?

JIBU: Kaka zako wanasema nusu ya kweli. Kampuni ya Valve ya Marekani ilifungua Steam mwezi wa Septemba 2003, na mwaka uliofuata, ilipotoa mchezo wa Half-Life 2, ikamlazimisha kila mnunuzi, hata yule aliyechukua diski dukani, kupitia humo; watu wakaghadhibika wakati ule kama wanavyoghadhibika leo juu ya wengine, jambo ambalo wapenzi wa Steam wamekwisha kulisahau. Baadaye ikazoeleka, kisha ikapendwa, na wachapishaji wakubwa walipotazama hesabu wakaona kwamba katika kila dola 100 za mauzo yao 30 hubaki kwa mwenye duka. Hapo ndipo kila mmoja alipotamani duka lake. Ubisoft ikawa na Uplay tangu 2009, ambayo leo huitwa Ubisoft Connect. Electronic Arts ikafungua Origin mwaka 2011, na Mass Effect 3 ulipotoka mwaka 2012 haukuuzwa katika Steam. Bethesda nayo ikafuata. Na Desemba 2018 Epic Games ikaingia sokoni ikitangaza kwamba itachukua asilimia 12 tu.

SWALI: Lakini si tumefundishwa kwamba wauzaji wakiwa wengi bei hushuka?

JIBU: Hushuka pale wauzaji wanapouza bidhaa ile ile, lakini hapa kila mmoja ameshika bidhaa yake na kuwanyima wenziwe, na mnunuzi hana la kuchagua ila kufuata. Tazama mambo ya Metro Exodus. Mchezo huo ulikuwa ukiagizwa mapema katika Steam, na watu wamekwisha kulipa, hata mwishoni mwa Januari 2019, zikiwa zimebaki siku zisizotimia ishirini kabla ya kutoka, mchapishaji wake akatangaza kwamba tangu hapo, kwa upande wa kompyuta, utauzwa na Epic pekee kwa muda wa mwaka mmoja. Waliokwisha kulipa walipewa haki yao. Walakini Valve ikaandika katika ukurasa wa mchezo kwamba uamuzi huo si wa insafu kwa wateja wake, na wachezaji, kwa kukosa pa kumwaga hasira zao, wakaiandikia tathmini mbaya michezo ya Metro iliyotangulia, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Epic nayo ina hoja yake, na si vema kuificha: katika Marekani bei ya Metro Exodus ilishushwa kutoka dola 60 hadi 50. Lakini Borderlands 3, uliotoka Septemba ya mwaka ule ule kwa sharti kama hilo la miezi sita, uliuzwa dola 60 vile vile, na ile tofauti ya asilimia 18 ikabaki kwa wachapishaji. Fauka ya hayo, duka lililowataka watu wahame lilikuwa halina hata kikapu cha kununulia vitu viwili kwa pamoja, na halikukipata mpaka Desemba 2021! Hata Steam, ilipoona mshindani anakuja, ilipunguza fungu lake kwa michezo iliyouza zaidi ya dola milioni 10, na ikapunguza tena kwa ile iliyovuka milioni 50. Yaani nafuu yote hiyo ya Steam ilikwenda kwa wachapishaji wakubwa. Mnunuzi, aliyepata taklifu ya kuhama, hakupata hata senti moja ya nafuu hiyo. Hasira ya wachezaji, kwa maoni yangu, ina haki kabisa, ijapokuwa lugha yao aghalabu haina adabu.

SWALI: Nilinunua ndani ya Steam mchezo wa mchapishaji mmoja mkubwa. Jana umeme uliporudi mchezo ulikataa kufunguka, ijapokuwa wote umo ndani ya kompyuta yangu. Kosa ni la nani?

JIBU: Kosa si lako, ndugu yangu, wala si la kompyuta yako. Michezo ya Ubisoft, na ya Rockstar tangu mwaka 2019, huuzwa ndani ya Steam lakini haifunguliwi na Steam peke yake. Ubonyezapo mahali pa kuchezea, Steam huamka kwanza na, ikiwa limetoka toleo jipya lake, hulipakua. Kisha huiita programu ya pili, ile ya mchapishaji, nayo hupakua toleo lake. Halafu hiyo ya pili hukuuliza neno la siri ambalo uliliandika mara moja tu miezi mingi iliyopita, na ikiwa imekusahau hukupelekea tarakimu katika barua pepe, nawe huna budi kufungua barua pepe hiyo kwa simu, kwa mega zile zile za intaneti ulizonunua ili uzungumze na watu wako. Mega zikikwisha katikati ya safari hiyo, unabaki unatazama duara linalozunguka juu ya mchezo ulioulipia na ulio mzima ndani ya diski yako.

Watu waliotunga utaratibu huo wanaishi mahali ambapo intaneti haina kipimo wala umeme haukatiki. Sisi mitambo ya umeme ya Mwadingusha na Koni, juu ya mto Lufira, haiko mbali nasi, na bado tunalala gizani. Basi tutumie hadhari. Siku uliyo na mtandao, zifungue programu zote mbili, zisubiri zijirekebishe, ingia akauntini katika kila moja, kisha iweke Steam, na ile nyingine ikiwa ina nafasi hiyo, katika hali ya kufanya kazi bila mtandao, na uujaribu mchezo hapo hapo. Baadhi ya michezo itakubali, na mingine itakataa katakata. Mwaka 2010 Ubisoft ilipotoa Assassin's Creed II kwa kompyuta, ilishurutisha mtandao usikatike hata dakika moja muda wote wa kucheza; seva zake zikashambuliwa katika siku za mwanzo, na waliolipa wakazuiwa kucheza huko huko Ulaya na Marekani. Sharti lenyewe likalegezwa baadaye, lakini tabia haikwisha.

SWALI: Mwaka 2024 Helldivers 2 ulitoweka katika Steam kwetu hapa Kongo. Nani alitufungia?

JIBU: Ni Sony, mchapishaji wake. Mchezo ulitoka Februari 2024 na ukachezwa duniani kote. Kisha tarehe 3 Mei ikatangazwa kwamba kila mwenye kuucheza kwa kompyuta atalazimika kuwa na akaunti ya mtandao wa Sony, PlayStation Network, ilhali Kongo, kama nchi nyingi za Afrika, haimo katika orodha ya nchi ambamo akaunti hiyo hufunguliwa rasmi. Mchezo ukaondolewa katika mauzo ya nchi zipatazo 177. Kelele za wachezaji zilikuwa kubwa hata katika siku tatu Sony ikalirudisha nyuma shauri lake, na Januari 2025 ikatangaza kwamba katika baadhi ya michezo yake mingine ya kompyuta akaunti hiyo itakuwa ya hiari. Huu ndio ushahidi mwema kwamba malalamiko, yakiwa ya wengi na ya wakati mmoja, husikilizwa.

Najua vijana wetu wengi, wanapofungua akaunti hiyo, huandika kwamba wanakaa Ufaransa au Afrika Kusini. Siwalaumu, lakini wajue kwamba kusema hivyo ni kuvunja sharti la mkataba, na kwamba siku akaunti ikifungwa hakuna baraza la kulalamikia.

SWALI: Basi mchezo niliolipia ni mali yangu au si mali yangu?

JIBU: Si mali yako. Ulichonunua ni idhini. Wazee wetu waliokaa katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, pale Panda na Shituru, wanaijua nyumba ya namna hiyo: ulikaa, ukapaka chokaa, ukazalia watoto humo, lakini siku mkataba wa kazi ulipokwisha ulirudisha ufunguo. Mchezo wa The Crew wa Ubisoft, uliotoka mwaka 2014, ulizimwa seva zake tarehe 31 Machi 2024, na hata waliokuwa na diski mkononi hawakuweza kuucheza tena. Kutokana na hayo Ross Scott, Mmarekani, akaanzisha harakati za Stop Killing Games (Acheni Kuua Michezo), ambazo kufikia Julai 2025 zilikuwa zimepata sahihi zaidi ya milioni moja katika Umoja wa Ulaya. Jimbo la California, tangu Januari 2025, linawalazimisha wauzaji wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anapewa idhini, si milki. Sheria hiyo haikurudishii kitu, ila inaondoa udanganyifu.

Wapo waliotenda wema. Bethesda ilipolifunga duka lake Mei 2022 iliwaruhusu wateja kuhamishia michezo yao Steam bila malipo. Na GOG, duka la Kipoland lililoanza mwaka 2008, hukupa faili zima la kusimika mchezo, ukalihifadhi katika diski yako na kulitumia bila kumwomba mtu ruhusa.

SWALI: Michezo ambayo duka la Epic huigawa bure ni mtego?

JIBU: Ni chambo, lakini kitoweo chake ni cha kweli. Ichukue katika akaunti yako sasa, na uipakue siku utakapopata mtandao wa bei nafuu.

SWALI: Baba fundi, mimi ni mama wa hapa Panda. Mwanangu anataka dola 60 za mchezo mmoja. Nimpe?

JIBU: Mama, usimpe kwanza, mwambie akuonyeshe mambo matatu. La kwanza, je, mchezo unataka akaunti ya kampuni nyingine zaidi ya duka linalouuza, na je, akaunti hiyo Kongo inafunguliwa? Ukurasa wa mchezo katika Steam huandika sharti hilo la akaunti pembeni, kwa herufi ndogo. La pili, una uzito gani? Michezo mingine hupita gigabaiti 100, na kwa bei ya mega za hapa huenda kuupakua kukagharimu zaidi ya kuununua. Ikiwa rafiki yake anao, tangu mwaka 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo katika mtandao mmoja wa nyumbani kupeana mafaili, na data ya nje inayotumika ni chache. La tatu, anajua haki yake ya kurudishiwa fedha? Steam huzirudisha ndani ya siku 14 ikiwa hajacheza saa mbili. Basi aufungue siku ile ile ulipokwisha kupakuliwa, aujaribu na mtandao ukiwapo na ukiwa umezimwa, na ukikataa aurudishe kabla ya kulala.

Na asinunue siku ya kwanza. Baada ya mwaka mchezo huo huo huenda ukauzwa nusu ya bei au chini yake, na aghalabu huwa umekwisha kurudi katika duka alilolizoea.