Kufundisha Ugunduzi wa Mnururisho wa Mwatuko wa Kiini

Wanafunzi wengi hukariri kwamba kiini cha urani kikipigwa na nyutroni huatuka vipande viwili. Wakiulizwa jambo hilo lilijulikanaje, ilhali halionekani kwa macho, hunyamaza. Shabaha ya somo hili ni kuwawezesha kujibu.

Historia. Mwezi Januari 1939, mjini Copenhagen, Otto Frisch alitumia chemba ya gesi iliyopakwa urani ndani na kuunganishwa na kikuza umeme. Chembe yenye chaji ipitapo katika gesi hung'oa elektroni kutoka katika atomu. Ioni zitokeazo huleta mpigo wa umeme. Urani yenyewe hutoa chembe za alfa daima, kila moja ikiwa na nishati ya MeV 4 hivi, lakini vipande viwili vya mwatuko huwa na MeV 170 hivi kwa jumla. Kwa hiyo Frisch aliacha mipigo midogo, akahesabu mikubwa tu. Alipoweka miligramu 300 za radi iliyochanganywa na berili, ambayo hutoa nyutroni, alipata mipigo kama 15 kwa dakika. Alipoondoa ama radi hiyo ama urani, hakupata hata mmoja kwa saa kadhaa. Hapo ndipo penye uthibitisho.

Nyutroni hazina chaji, hivyo hazigunduliwi moja kwa moja. Chemba hupakwa boroni, ambayo hunasa nyutroni na kutoa chembe ya alfa inayohesabika.

Jaribio. Urani isiletwe darasani; elektroskopu yatosha. Tupitishe waya katika kizibo cha plastiki cha chupa kavu ya kioo, na kwenye ncha ya ndani tuning'inize vipande viwili vyembamba vya karatasi ya alumini.

1. Tusugue rula ya plastiki kwa kitambaa cha sufu, tuipitishe juu ya waya hadi vipande vitengane. Tupime muda vinaochukua kurudiana vyenyewe.
2. Tuvitenganishe tena, kisha tusogeze njiti ya kiberiti inayowaka karibu na waya. Vitarudiana upesi, kwa kuwa mwali hutoa ioni hewani.

Swali la kupima. Kwa nini hatua ya kwanza ni ya lazima? Bila hiyo hatuwezi kutofautisha kazi ya mwali na chaji inayovuja kwa sababu ya unyevu. Mwanafunzi akilijibu bila kusaidiwa, na kulihusisha na Frisch kuondoa urani, tujue ameelewa.