AFYA YETU: Mguu wa Bandia Unaoshikizwa Kwenye Mfupa



Leo tutajifunza juu ya mguu wa bandia. Watu hukatwa mguu kwa sababu nyingi: ajali ya gari, kidonda kisichopona, kuumwa na nyoka, au ugonjwa wa sukari. Sehemu ya mguu inayobaki huitwa kigutu.

Mguu wa bandia wa kawaida

Mguu wa bandia wa kawaida una kikombe kirefu kwa juu. Kigutu huingia ndani ya kikombe hicho. Mguu huu umewasaidia watu wengi kurudi shambani na sokoni. Lakini una taabu zake. Uzito wa mwili hukaa juu ya ngozi na nyama ya kigutu. Ngozi hiyo si ngumu kama ngozi ya wayo. Hutoka jasho, husuguliwa, hutoka malengelenge, kisha vidonda. Kigutu kikikonda, kikombe hulegea. Kigutu kikiwa kifupi sana, kikombe hakishiki. Ndiyo maana wengine huuweka mguu wao uvunguni na kurudia magongo.

Njia nyingine

Tazama jembe la kienyeji. Lina msuka, yaani kile kichuma kinachoingia ndani ya mpini. Jembe halikufungwa juu ya mpini kwa kamba. Limeshikwa na mti wenyewe. Madaktari nao wamepata njia ya kuushika mguu wa bandia kwa mfupa wenyewe, bila kikombe.

Chuma kinachotumika huitwa titani. Ni chepesi, hakishiki kutu, na mwili haukikatai. Katika miaka ya 1950, Per-Ingvar Brånemark wa nchi ya Uswidi alikuwa akichunguza mifupa ya sungura. Aliweka vyombo vya titani ndani ya mifupa hiyo. Alipotaka kuvitoa, havikutoka! Mfupa ulikuwa umeota na kuvishika. Mwaka 1965 alianza kutumia titani kushikizia meno ya bandia kwa watu. Mwaka 1990, mjini Gothenburg, njia hiyo ilitumika kwa mtu aliyekatwa mguu. Leo inatumika pia katika nchi kama Uholanzi, Australia na Marekani, hasa kwa watu waliokatwa juu ya goti.

Kazi hufanywaje?

Kwanza, daktari wa mifupa huingiza msumari wa titani ndani ya mfupa, kisha hushona. Mgonjwa husubiri miezi kadhaa ili mfupa uote na kuushika msumari. Halafu hufanyiwa operesheni ya pili. Kichuma huunganishwa na ule msumari, kikatokeza nje ya ngozi. Mahali pengine yote hufanywa kwa operesheni moja. Baadaye mgonjwa hujifunza kuuwekea mguu uzito, kidogo kidogo. Akiharakisha, msumari unaweza kulegea.

Faida ni kubwa. Hakuna kikombe cha kusugua ngozi. Mtu hukaa kitini vizuri. Huvaa na kuvua mguu upesi. Tena, anapokanyaga, mfupa humpa habari kama amekanyaga jiwe au mchanga.

Hatari zake

Ndugu, kila dawa ina uchungu wake. Pale kichuma kinapotokeza, ngozi haifungi kabisa. Ni mlango ulio wazi siku zote. Vijidudu vinaweza kuingia, na usaha ukifika kwenye mfupa, huenda msumari ukatolewa. Kwa hiyo mahali hapo husafishwa kila siku, maisha yote. Mtu akianguka vibaya, mfupa unaweza kuvunjika. Kwa kawaida watoto wanaokua hawafanyiwi. Mvutaji wa sigara na mtu mwenye sukari hupona kwa shida.

Operesheni hii ni ya hospitali kubwa yenye madaktari waliojifunza kazi hiyo. Zahanati haiwezi. Basi, usiuze ng'ombe kwa maneno ya barabarani. Mtu akikuahidi mguu wa namna hii, muulize: ni hospitali gani? Nani atanitazama nikitoka usaha? Kisha fika kwa mganga wako mshauriane.

Tufanye nini sasa?

Kigutu kizuri ni mali, hata kwa mguu wa kikombe. Fanya hivi:

1. Osha kigutu kila jioni kwa maji safi na sabuni. Kikaushe vizuri.
2. Kitazame pande zote. Ukiona wekundu au lengelenge, vua mguu mpaka upone.
3. Usilale na mto chini ya kigutu. Kiungo kitakakamaa katika hali ya kujikunja.
4. Ukiona usaha, uvimbe au homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo.
5. Kikombe kikilegea, usijaze matambara. Rudi kwa fundi.

Hapa Tanzania tunao mafundi wa kazi hii. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, chuo cha mafundi wa viungo vya bandia kilianza mwaka 1981. Mwombe mganga wa zahanati akuandikie barua ya kwenda hospitali.

Na ninyi majirani, msimfiche nyumbani mtu aliyekatwa mguu. Anaweza kufanya kazi na kujitegemea. Msaidieni kufika kwa fundi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini kikombe huleta vidonda?
2. Kwa nini titani hutumika?
3. Kwa nini kichuma kinachotokeza husafishwa kila siku?
4. Katika kijiji chenu, ni nani anayehitaji mguu wa bandia? Mtamsaidiaje?