Agano Lililotiwa Muhuri Yerusalemu

Ndugu wasomaji, kabla ya kuendelea, someni Nehemia 10 yote, hata ile orodha ya majina. Najua wengi huiruka. Majina ni 84: Nehemia mwenyewe, kisha makuhani, Walawi na wakuu wa watu. Jina la Ezra halimo, ingawa ndiye aliyewasomea watu torati penye Lango la Maji tangu alfajiri hata adhuhuri.

Nehemia alifika Yerusalemu mwaka 445 K.K. kwa ruhusa ya Artashasta, mfalme wa Uajemi. Ukuta ulikwisha kwa siku 52. Lakini ndani ya ukuta watu walikuwa wamegawanyika. Sura ya 5 yatuonyesha walioweka rehani mashamba na nyumba wapate nafaka, na wengine waliotoa wana na binti zao kuwa watumwa wa Wayahudi wenzao. Mkopeshaji na mdaiwa watafungaje agano moja? Kwa hiyo mstari wa 31 wa sura ya 10 ni mzito kuliko unavyoonekana: wanaahidi kuyaacha madai yote kila mwaka wa saba. Mwenye kudai ndiye anayetia muhuri.

Kwa kawaida Waebrania huliita agano “berith”. Hapa neno ni “amana”, lenye shina moja na “amina”. Neno letu amana, tulilolipata kwa Waarabu, ni ndugu yake. Nanyi mwajua amana ni nini: kitu cha mwenzako kilicho mkononi mwako, na siku moja utaulizwa.

Pale Sinai masharti aliyatoa Mungu kwa mkono wa Musa, na watu wakaitikia kwa sauti moja. Hapa watu wenyewe wanaandika, na wanaishusha torati mpaka kwenye mfuko na shoka. Kila mwaka theluthi ya shekeli kwa huduma ya nyumba ya Mungu. Tena kuni! Walawi 6 yaagiza moto wa madhabahu usizimike, lakini haisemi kuni zitatoka wapi. Basi wakapiga kura, makuhani, Walawi na watu, kila mlango ujue zamu yake. Wasiotia muhuri nao waliapa, pamoja na wake zao, wana na binti zao, wote wenye kufahamu. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba jambo lile lilikuwa la wakubwa.

Sasa fungueni sura ya 13. Nehemia alirudi kwa mfalme mwaka 433 K.K., na alipokuja tena alikuta ahadi zimevunjwa moja baada ya moja. Chumba cha zaka amepewa Tobia. Walawi na waimbaji hawakupewa posho, wamerudi mashambani. Siku ya sabato watu wanakanyaga zabibu, na wachuuzi wa Tiro wanauza samaki mjini. Habari ya wake wa kigeni ni ngumu. Mimi siwezi kumsifu Nehemia kwa kuwapiga watu na kuwang’oa nywele, tena Ruthu Mmoabi ni bibi wa ukoo wa Daudi.

Lakini angalieni mstari wa 11. Hakuandika agano jipya. Aliwauliza wakuu kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa, na kwa Kiebrania kitenzi hicho ndicho walichokitumia walipoahidi kutoiacha, mwisho wa sura ya 10. Aliwashika kwa maneno ya vinywa vyao. Kisha akaweka watu wanne juu ya hazina: kuhani, mwandishi, Mlawi, na Hanani wa kuwasaidia. Sababu ya kuwachagua ni kwamba walihesabiwa kuwa waaminifu, na shina ni lile lile la amana.

Mstari wa mwisho wa kitabu, karibu na sala yake ya kuomba akumbukwe, Nehemia anataja kwamba aliweka tena utaratibu wa kuleta kuni kwa nyakati zake.

Kwa somo lijalo, someni Yoshua 24.