Dakika 15 za Mapumziko

Swali: Kocha wetu hapa Kisauni hutumia mapumziko yote kufoka. Nitajuaje kama benchi letu la ufundi linajua kazi?

Jibu: Ndugu yangu, usimpime kwa sauti. Tazama dakika 10 za kwanza za kipindi cha pili: lile lililokuwa likiwaumiza limezibwa?

Mapumziko hayazidi dakika 15. Kwa joto letu la pwani, wachezaji wakishakunywa maji na kupumua, zabaki chache za kusikiliza. Maagizo mawili yatosha, nayo lazima yawe ya wazi: winga wa kushoto arudi kumsaidia beki, kiungo asipande.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya jijini Istanbul, 2005, yaonyesha vizuri. Kufikia mapumziko, Liverpool walikuwa nyuma 3-0 mbele ya AC Milan. Rafael Benítez alimtoa beki Steve Finnan, akamwingiza kiungo Dietmar Hamann na kupanga mabeki watatu nyuma. Kaká wa Milan, aliyekuwa akijipitia katikati atakavyo, akapata wa kumkaba. Steven Gerrard akawa huru kupanda. Mabao matatu yakarudi ndani ya dakika sita, kombe likapatikana kwa penalti.

Ila matokeo pekee yasikudanganye. Harambee Stars wa Kenya, waliokuwa nyuma 2-1 wakati wa mapumziko, waliilaza Tanzania 3-2 jijini Cairo, Juni 27, 2019, lakini mshambuliaji wao Michael Olunga akiwa kwenye fomu hugeuza mechi hata bila mbinu mpya.

Jumapili sogea karibu na benchi. Msaidizi wa kocha ana daftari? Anaulizwa alichokiona? Kama yeye naye ananyamazishwa, hapo benchi ni mtu mmoja tu.