Nani Atangulie? Uzoefu wa Muuguzi Kwenye Mlango wa Dharura

Mada hii inawahusu hasa wanaosomea uuguzi na udaktari, lakini benchi la dharura ni letu sote.

Hapa Kanombe, Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda hutibu askari na raia. Wakifika pamoja, nani atangulie? Daktari wa jeshi la Napoleon, Dominique-Jean Larrey, alilijibu swali hilo zamani: majeruhi ahudumiwe kwa uzito wa jeraha, si kwa cheo. Huo ndio msingi wa triaji, yaani kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao.

Kipimo kinachojulikana sana barani kwetu ni kile cha Afrika Kusini, kilichoanzia Cape Town miaka ya 2000. Muuguzi huangalia mambo saba: kutembea, kupumua, mapigo ya moyo, presha, joto, fahamu na kama mtu ameumia. Kila jambo lina alama. Jumla ya alama, pamoja na dalili za hatari, hutoa rangi. Nyekundu huhudumiwa papo hapo, ya machungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani ndani ya saa 4.

Ikiwa alama zipo, uzoefu wa nini? Ni kwamba alama husema hali ya dakika ile tu. Kijana aliyeanguka na pikipiki anaweza kuvuja damu tumboni huku presha yake ikisoma vizuri, kwa sababu mwili wake bado unabana mishipa. Muuguzi mzoefu humgusa mikono. Akiikuta baridi na ina jasho, hasubiri presha ishuke. Kipimo chenyewe kinamruhusu mtaalamu mwandamizi kubadili rangi.

Lakini uzoefu nao una mtego. Aliyepokea walevi mia huona mlevi wa mia na moja. Kumbe huyu anayeropoka ni mgonjwa wa kisukari aliyefunga, na sukari yake imeshuka. Tone moja la damu kidoleni lingesema ukweli.

Basi tushike kanuni hii: uzoefu utumike kumpandisha mgonjwa daraja, usitumike kumshusha bila kumpima. Ukimpandisha kimakosa, umechelewesha mwingine. Ukimshusha kimakosa, unaweza kupoteza roho.

Ndugu mwanafunzi, ukiwa mazoezini fanya mambo matatu. Kwanza, mpime kila mgonjwa, na wanaosubiri uwapime tena. Pili, muuguzi mzoefu akibadili rangi, muulize ameona nini. Tatu, fuatilia mgonjwa uliyempa rangi aliishia wapi. Miaka kazini bila kujua matokeo ya maamuzi yako ni umri tu, haijawa uzoefu.

Nafsi ya mgonjwa ni amana. Wabillahi tawfiq.