Kapeti la plastiki, marashi na pumu ya mtoto

SWALI: Mwanangu wa miaka 6 ana pumu. Nimesikia kwamba plastiki na marashi huvuruga homoni na kuleta pumu. Sebuleni tuna kapeti la plastiki, na chakula chake cha shule nakifunga kingali moto kwenye kopo la plastiki. Je, ni mimi niliyemsababishia?
Mama, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Hapana, si wewe. Pumu hutokana na mambo mengi kwa pamoja: urithi, moshi, vumbi, mafua ya utotoni.

Ulichosikia, hata hivyo, si uvumi mtupu. Plastiki laini hulainishwa kwa kemikali ziitwazo thaleti, na marashi mengi huwa nazo pia. Hazishikamani sawasawa na plastiki, kwa hiyo huvuja kidogo kidogo hadi kwenye vumbi la sakafuni na kwenye chakula, hasa cha moto au chenye mafuta. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha matokeo ya watoto 300 wa New York, wa kaskazini mwa Manhattan na kusini mwa Bronx, mitaa iliyoelemewa na pumu. Wale ambao mama zao walikuwa na kiwango kikubwa cha aina mbili za thaleti wakati wa ujauzito walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata pumu, kwa zaidi ya asilimia 70, kuliko wale ambao mama zao walikuwa na kiwango kidogo. Huo ni uhusiano. Haujathibitisha kwamba thaleti ndizo chanzo. Lakini thaleti huvuruga homoni, kama ulivyosikia, na homoni zinahusika na pumu: kabla ya balehe ugonjwa huu huwasumbua zaidi wavulana, baada yake wanawake.

Chakula cha moto kiweke kwenye chombo cha chuma cha pua. Sakafu ipige deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia vumbi likatimka. Marashi ya kupuliza, udi na dawa ya mbu ya kuchoma visitumike anapolala. Kapeti usilitupe kwa hofu. Kama unapikia mkaa ndani, hilo ndilo la kwanza kubadili, maana madhara ya moshi hayana ubishi. Na inaniuma kwamba mzigo huu wa kuepuka kemikali unabebeshwa mama, ilhali chupa ya marashi huandikwa “manukato” tu, bila kutaja kilichomo.

Inhela ya kuzuia pumu aliyoandikiwa asiiache, hata akiwa mzima. Akishindwa kumaliza sentensi, au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, mpulizie ile ya kufungua kifua na mkimbize hospitali saa hiyohiyo.