Pato la Kila Mtu katika Kaunti Zetu

Mara nyingi nawasikia wanafunzi wakibishana: kaunti fulani ni tajiri, fulani ni maskini. Mmoja hutaja namba aliyoiona gazetini, na mwenziwe hukosa la kumjibu. Leo nataka tuichunguze namba hiyo, tujue yatoka wapi na yaweza kutupoteza vipi.

Kwanza, maana yake. Chukua pato lote la kaunti kwa mwaka mmoja, uligawanye kwa idadi ya watu wake, wakubwa kwa watoto. Jibu ndilo pato la wastani la kila mtu.

Kaunti zetu 47 zilianza kazi mwaka 2013, chini ya Katiba ya 2010. Mwaka 2019 ilitolewa kwa mara ya kwanza hesabu ya serikali ya pato la kila kaunti, tangu 2013 hadi 2017. Nairobi peke yake ilitoa zaidi ya sehemu moja katika tano ya pato la nchi. Na hesabu ya watu ya 2019 ilikuta Nairobi watu 4,397,073 kati ya 47,564,296 wa Kenya nzima, yaani chini ya mmoja katika kumi. Basi kwa hesabu hii pato la kila mtu Nairobi lazidi mara mbili ya wastani wa nchi.

Lakini kabla ya kumwonea gere mtu wa Nairobi, tazama mambo manne.

La kwanza ni mgawanyo. Tuseme kijiji kina watu kumi. Tisa wapata shilingi 10,000 kila mmoja, na wa kumi apata 210,000. Jumla ni 300,000, na wastani ni 30,000. Katika kijiji hicho hakuna hata mmoja apataye 30,000!

La pili ni mahali. Hesabu ile hupima mali pale inapozalishwa, si pale inapoliwa. Watu wengi hulala Kiambu na kufanya kazi Nairobi: kazi yao huhesabiwa Nairobi, mshahara wao hununua unga Kiambu. Kadhalika umeme wa mvuke wa Olkaria huzalishwa Nakuru, lakini faida yake haibaki yote huko.

La tatu ni bei. Pato likipanda kwa asilimia 20 na bei za vitu zikapanda vivyo hivyo, kikapu cha sokoni hakikuongezeka hata nyanya moja.

La nne ni idadi ya watu, nalo ndilo zito. Matokeo ya 2009 yaliipa Mandera watu 1,025,756. Ya 2019 yakaipa 867,457. Hesabu hizo zilizua ubishi mkubwa hata zikafika mahakamani. Angalia basi: kigawanyo kikipungua, wastani hupanda, ingawa hakuna mbuzi aliyezaliwa wala kisima kilichochimbwa.

Tena jambo hili si la daftarini tu. Katiba, Ibara ya 203, yaagiza kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na katika kanuni za kugawana fedha hizo idadi ya watu imekuwa kipimo kikubwa. Ibara ya 204 ikaweka mfuko wa kupeleka maji, barabara, afya na umeme sehemu zilizoachwa nyuma. Kwa hiyo kosa la hesabu laweza kuwa zahanati isiyojengwa. Mwenye kujua kuisoma namba ndiye atakayeweza kuitetea kaunti yake kwa haki, bila kuidharau ya mwenziwe.

Zoezi: Kaunti moja ilikuwa na watu 5,000 na pato la shilingi milioni 600. Baada ya miaka mitano ina watu 6,000 na pato la milioni 780, na bei zimepanda kwa asilimia 30. Je, watu wake wamepata nafuu? Onyesha njia.